Mahudhurio

Kwenye muhtasari wa bodi ya shule, ukurasa wa kwanza,
waliohudhuria, namba saba, ni mimi:
Ndeanansia Lyatuu, mzazi.
Herufi moja wameniongezea bure.

Siku hiyo, tarehe tisa, saa nne asubuhi,
nilikuwa KCMC, benchi la kliniki ya macho,
nimeshika kadi ya mama yangu na chupa ya uji.
Risiti ninayo. Muhuri wake wa bluu haujafifia.

Karatasi inasema nilikuwepo.
Inasema niliulizwa kama nina neno, sikuwa nalo.
Mimi!
Waulizeni wauza mitumba wenzangu wa Kiboriloni
kama nimewahi kukosa neno.

Barua aliileta Aikaruwa mwenyewe, Ijumaa, jua limezama,
godoro kichwani, ndoo mkononi.
Mistari miwili: amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu.
Utovu gani?
Mistari miwili haikuwa na nafasi.

Sijaja kuapa kwamba mwanangu ni malaika.
Nimemzaa, nimemfulia, namjua.
Huenda alikivunja kile kioo cha maabara.
Huenda alimjibu mwalimu wa zamu
kwa mdomo aliourithi kwangu.
Kama alikosa aadhibiwe, na kioo nitalipa.
Lakini kwetu Mamba, hata mbuzi akila mgomba wa jirani,
mwenye mbuzi huitwa, husogezewa kigoda,
huulizwa kamba ilikatikaje.

Binti mmoja wa msaada wa kisheria, ofisi ya juu ya duka la vipuri,
alinifungulia Katiba, ibara ya kumi na tatu.
Akaweka kidole: mahakama, au chombo kinginecho.
Akakisogeza: kusikilizwa kwa ukamilifu.
Nikasoma polepole, kama ninavyokagua mshono wa koti
kabla sijalitundika.
Sikuona palipoandikwa: isipokuwa mama wa mitumba.
Nikamwomba anitolee kopi. Mia mbili.

Ndiyo hii, imekunjwa ndani ya kitenge, pamoja na risiti.
Aikaruwa yuko nyuma yangu, sare imepigwa pasi,
anatazama viatu vyake.
Mlinzi wa getini amenipa daftari la wageni
na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Jina: nimeliandika mwenyewe, herufi zake zote, bila ya ziada.
Saa ya kuingia: mbili na robo.
Sababu ya kuja:
kuhudhuria.