Mvuke wa Midomo

Kwa Tweve kiingilio ni mia tano.
Benchi la mbele lina msumari, naujua.
Nimetoka kuvuna viazi, kucha bado zina udongo,
blanketi begani, karanga mfukoni,
na kabla risasi ya kwanza haijalia
nimeshasema: hiyo theluji ni ya uongo.

Wanacheka. Lakini itazameni midomo!
Kijana anaapa barafuni, analiita jina la mchumba,
na hautoki hata mvuke.
Sisi wa Makete hatudanganywi baridi.
Juni, sakitu ikilala shambani,
hata mbuzi akilia unaiona sauti yake.

Mtafsiri naye hucheka kabla ya kichekesho.
Jambazi la Kikorea amelibatiza Chaula,
kama afisa wetu wa kata.
Namsamehe. Bila yeye ningebaki na nyuso tu.

Tamthilia za mama mkwe, vipindi mia na ushee,
mwanamke anaamka na wanja machoni, sizitaki.
Siku watakayoonyesha mtu akimenya kiazi
mpaka kiishe, bila muziki,
nitalipa elfu, na chenji sidai.

Jana umeme ulikatika
baba anafungua mlango, binti yuko mvuani.
Jenereta ikakohoa, ikakataa.
Atukuzwe akauliza gizani, "Atampokea?"
Hakuna aliyejua.
Tweve akawasha tochi kutafuta petroli,
na pumzi zetu, watu thelathini hivi,
zikaonekana zikipanda kwenye mwanga.

Nikasema: mmeona?
Hivyo.