Linatoka

Nimekufa mara kumi na moja, na zote nimelipwa
isipokuwa ile ya Kongwa, ambapo mtayarishaji
aliingia chooni na simu yake ikawa haipatikani.
Mara mbili kwa risasi, mara moja kwa radi,
nne kwa ugonjwa ambao muswada haukuutaja:
kohoa tu, alisema mwelekezaji, watajua.
Zilizobaki ni sumu. Wake zangu wa tamthilia
hawakosi kitu cha kunitilia kwenye chai.

Nilianza na choo.
Mwaka wa kipindupindu tulizunguka Bahi, Chipanga, Kigwe,
watu sita, ngoma mbili, pikapu ya idara ya afya,
na mimi nilikuwa Inzi:
mabawa ya chandarua, macho ya vitako vya chupa.
Nikatua kwenye kinyesi cha udongo,
kisha kwenye ugali wa mwenyekiti wa kijiji,
na watu wakacheka hadi vumbi likawajaa mdomoni.
Sijawahi kuigiza vizuri kuliko siku ile.
Taa ilikuwa jua, na halikudai dizeli.

Baadaye runinga. Polisi wa Pili.
"Twende kituoni, mzee."
Miaka minne, maneno matatu.
Tulirekodi Area C, kwenye nyumba ya mtu aliyesafiri;
kochi moja, Jumatatu la waziri, Jumatano la mganga.
Polisi wa Kwanza aliandikiwa mchumba.
Mimi niliandikiwa kofia.

Ndipo sabuni. Sekunde ishirini na tano
katika shamba la zabibu Hombolo, shati jeupe,
kapu linanimwagikia, nacheka:
"Hata doa la zabibu? Linatoka!"
Mashati kumi na tisa. Lile lililotakata mwishoni
lilikuwa jipya, lina pini kolani.
Sokoni Majengo hakuna anayeniita Ndahani.
Trafiki wa kweli, pale Jamatini,
aliisoma leseni yangu mbele na nyuma, akasema:
kumbe Linatoka una jina.

Sabuni ile iliezeka nyumba ya mama, Mvumi.
Televisheni aliikataa.
Alikwenda kutazama kwa Mama Chilewa,
na usiku nilipopigwa radi alitoka bila kuaga,
akapanda kichuguu nyuma ya zahanati, penye mtandao.
"Umekula?"
Nimekula, mama.
Akakata.
Kila kifo alipiga. Kila kifo, swali lile lile.

Tulimzika Agosti, katika upepo wenye mchanga.
Watu walinitazama, na mimi nayajua
macho yanayosubiri pazia lifunguke.
Mtoto wa kuigiza ningemlilia ndani ya dakika,
jicho la kushoto kwanza, upande wa kamera.
Sasa, hata tone.
Nikashika koleo. Udongo mwekundu ukanipanda shati,
na mjukuu wa Mama Chilewa, miaka sita hivi,
akauliza kwa sauti ya kufika safu ya mwisho,
sauti ambayo ningeinunua:
"Na hilo litatoka?"

Shangazi Yudita akamdaka sikio.
Mimi nikacheka. Kicheko kikavunjika njiani,
nikalia, vibaya, na kamasi,
mgongo nimewapa watu wote,
kilio ambacho mwelekezaji yeyote angekikata turudie.

Shati nimelifua mara tatu. Kwa sabuni ile ile.

Wiki ijayo nakufa tena, sehemu ya arobaini, sumu.
Nimemwomba mtu wa vifaa jambo moja tu:
asipake rangi sponji, asichonge nyama ya boksi.
Aweke ugali wa uwele, mlenda, moto,
na kamera waiwashe nikishamaliza sahani.