Tarakimu za Mbao

Ijumaa nashangilia Kanda, Jumamosi nashangilia kwetu.
Ukiniuliza yupi mke na yupi hawara
nitakuambia ngoja kwanza mvua ipungue,
na hapa Cwmhelyg mvua haina haraka.

Kwetu ni uwanja ulioinamia mto.
Tukicheza kushuka, sisi ni miamba.
Tukicheza kupanda, heri tunyamaze.
Mpira ukipigwa hovyo unatumbukia majini,
na mtoto wa Gwenllian, mwenye wavu na buti za babu yake,
hulipwa soda moja kwa kila mpira unaorudi hai.

Kazi yangu ni ubao wa matokeo.
Miaka thelathini na minne napanda ngazi
na tarakimu za mbao kwapani kama mikate.
Tisa zote zilichukuliwa na mafuriko, sita ikabaki moja.
Tangu hapo tisa yetu ni sita iliyosimama kichwa chini.
Zikitakiwa zote mbili kwa pamoja
naomba kimoyomoyo mtu akose penalti.

Halafu wakubwa wakakaa mezani huko mjini.
Miji minne, wakasema, kila mmoja na timu yake, huo ni ufukara.
Changanyeni. Tengenezeni moja, kubwa, yenye jina la benki kifuani.
Wakachukua nyeusi yetu na kijani ya Tregelyn,
wakakoroga na za wengine hadi ikatoka rangi ya dawa ya meno.
Wakaiita Kanda.

Nikaapa sitakanyaga. Nikaapa kwa kaburi la baba,
aliyekuwa akitoka mgodini Jumamosi saa sita
na saa nane na nusu yumo ndani ya skramu,
masikio bado meusi.
Binti yangu Heledd akaninunulia tiketi ya msimu mzima.
Kiapo changu hakikuwa na paa.
Kiti kile kilikuwa nalo.

Na jirani wa kiti? Emrys Pugh wa Tregelyn,
aliyening'oa jino mwaka wa sabini na nane
chini ya rundo la watu, refa akihesabu mawingu.
Mechi tatu hatukusemezana.
Ya nne akafungua chupa ya chai,
akajaza kifuniko, akakisukuma upande wangu
bila kugeuza shingo.
Nikanywa kwa upande wenye meno.

Kule taa zinachoma macho.
Kuna skrini inayokuamrisha lini upige makofi.
Hakuna anayepanda ngazi; tisa ni tisa.
Lakini mwezi wa pili, dakika ya sabini na nne,
wakamwingiza Macsen wa mtaa wetu,
kijana niliyekuwa nikimfukuza akiupiga mawe ubao wangu.
Aligusa mpira mara mbili.
Ya pili ukamponyoka.
Nilipiga kelele hadi Emrys akanivuta mkono:
kaa chini, mzee, presha.
Ni wetu, nikamwambia.
Akafikiri kidogo, akitazama nyasi.
Ni wetu, akasema,
na sikuona ni wapi wetu yake iliishia
na yangu kuanza.

Kesho yake, watu hamsini na watatu, na mbwa.
Upande wa kupanda, kama kawaida, upepo usoni.
Wageni kumi na tisa. Sisi sita.
Ndiyo. Zote mbili.
Nikasimama juu ya ngazi na kipande kimoja cha mbao,
maji yakinishuka shingoni,
nikakigeuza huku, nikakigeuza kule.
Mgeni hajui njia wala hesabu za watu,
hivyo nikamtundikia tisa yake.
Upande wetu ukabaki msumari mtupu.
Hakuna aliyeuliza.
Wa kwetu wanajua tuna ngapi.