Chini ya Kovu

Machteld alinipigia simu kabla ya chai:
"Govert, njoo, na ule mwani wako wa kukuzia.
Kuna tawi limetoka, silijui."
Nikavaa buti. Boskoop ilikuwa imelowa
kama inavyolowa kila Aprili,
mitaro imejaa hadi midomoni mwa vitalu,
bata wawili wanagombea ubao wa daraja.

Kichaka nilikijua. Nani hapa asiyekijua?
Miaka thelathini na mmoja kiko pembeni mwa banda la vioo,
majani yana manjano katikati, kijani ukingoni,
kana kwamba mtu alivunja yai juu yake
akaitwa ndani, akasahau kufuta.
Wateja hukipiga picha,
kisha hununua mtoto wake ndani ya chungu.

Na pale ubavuni, tawi.
Limewapita wenzake kwa dhiraa nzima,
limenyooka, halina hata tone la manjano.
Gome lina unga wa shaba, unabaki kidoleni.
Majani teketeke, mapya kabisa;
ukiyapindua, fedha,
fedha yenye vidoa vya kutu.

Mpwa wake, Diederik, alishakuja na fomu.
"Aina mpya hii," alisema. "Mmea umejibadili wenyewe.
Tukiusajili tutaupa jina la shangazi,
na deni la gesi ya banda litalipika."
Machteld kimya. Alikuwa anang'ata
ncha ya glavu yake ili aivue.

Basi nikapiga magoti kwenye tope.
Kazi hii haina uganga: jani ni msemaji,
ukitaka ukweli fuata shina.
Nikateremka kwa kidole kama asomaye gizani,
nikapita makovu ya mikasi ya zamani,
konokono aliyelala,
waya wa kibao cha jina, nusu umemezwa na gome,
hadi kwenye uvimbe mnene kama goti la mtoto,
pale walipobebesha.

Tawi halikutoka juu ya kovu.
Lilitoka chini.

"Diederik, weka kalamu."
Hakuna kilichojibadili. Na mgeni si huyu.
Aleid, dada yake Machteld, Mungu amrehemu,
alichukua mche usio na bei
akaukata kichwa,
akaubebesha huu wa manjano mgongoni,
akaufunga kwa utepe wa mpira kama anavyofungwa kidonda.
Toka siku ile mmoja akawa mizizi
na mwingine akawa jina.

Nikaeleza sheria, maana ndiyo niliyoitiwa:
ling'olewe, lisikatwe, ukikata yanarudi matatu.
Ukiliacha litanyonya maji yote
na yule wa juu atakauka.
Diederik alikunja fomu mara nne, mara tano,
ikawa ndogo kama stempu.

Machteld akauliza:
"Na lenyewe linaitwaje?"

Nikafungua mdomo.
Mimi, niliyebebesha maelfu juu ya mche huo,
majira ya baridi arobaini, kisu mkononi, redio ikiwaka,
jina halikuja.
Kwetu tuliuita "wa chini". Leta wa chini mia mbili.
Wa chini wameisha.
Ilibidi nirudi nyumbani nikafukue daftari,
nimsomee kwenye simu, herufi kwa herufi,
naye akaandika polepole; niliisikia penseli.

Julai nilikuta kopo la mtindi kizingitini,
halina barua. Ndani, tunda jekundu, dogodogo,
lina vidoadoa kama mayai ya ndege.
Nikatia moja kinywani: kali, kisha tamu,
kisha ulimi wote ukakunjamana.
Nikala mpaka kopo likaonyesha kitako.

Jana nilipita kule kwa baiskeli.
Upande wa kusini manjano yameanza kupukutika.
Sikushuka.
Nadhani ameshaona.