Unyaufu

Kibandiko cha memori kinasema 3200.
Kioo kinasema 2133.
Nangumbi, karani wa mzani hapa Newala,
msimu wake wa kumi wa korosho,
akauliza: "Na huo nao ni unyaufu?"

Hapana, dada. Hakuna kilichokauka.
Vipande vimechomekwa matundu jirani, bega kwa bega,
wala havijaruhusiwa kukimbia.

Nikavihamishia tundu la pili na la nne,
nikaingia mipangilio ya ndani,
nikauamsha wasifu uliolala tangu kiwandani.
Kioo kikawa cheusi. Mara mbili.
Foleni ya wenye magunia ikakohoa dirishani.

Mara ya tatu namba ikatimia.
Nangumbi akaifuata kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu,
kisha akageuka
akautazama mzani wake
muda mrefu.