Tundu la Saba

Majira ya kwanza nilifunga visu vya keekee kichwa chini,
nikazungusha mpini saa nzima juu ya ziwa Haukilampi,
jasho likinichuruzika ndani ya makoti mawili.
Barafu ilitoa unga kidogo, kama wa chini ya chekeche,
tundu likakataa katakata.
Kaarlo Pesonen, hatua thelathini kutoka nilipo,
hakucheka.
Aligeukia msitu tu,
na mabega yake yakawa yanatikisika.

Kisha alikuja na bisibisi, akavigeuza visu,
akarudi kigodani pake bila neno.
Kwetu Kainuu hiyo ni hotuba ndefu.

Halafu fundo.
Sangara alipanda hadi mdomoni mwa tundu,
nikamwona mistari ya mbavuni, mapezi mekundu,
nikapiga ukelele, nikavuta,
mshipi ukachomoka kwenye jicho la ndoano
nikabaki na uzi uliojisokota ncha kama mkia wa nguruwe.
Fundo hulowesha mate kabla ya kulikaza,
la sivyo linajiunguza lenyewe.
Mate! Mimi, niliyefunga vifurushi vya posta
miaka thelathini na minne,
sikuwahi kulitemea fundo hata mara moja.

Funza wa chambo niliwaweka mfuko wa nje,
wakaganda, wakawa punje za mchele.
Wiki iliyofuata nikawatia mfuko wa ndani, penye joto,
na kifuniko hakikubana.
Waliamka kwenye basi la saa tisa.
Sitasema zaidi,
ila yupo mama mmoja wa Kajaani
ambaye hadi leo akiniona huenda kukaa nyuma ya dereva.

Yote nimeyaandika, kwa penseli,
maana wino huganda.
Husemwa samaki mkunje angali mbichi.
Mimi nilikwishakauka, mwaka wa sitini na moja,
kiuno kinalia kama mlango wa ghala,
na bado ziwa lilinikunja,
polepole, kwa namna yake, bila kunivunja.

Jana nilitoboa matundu sita
nikayahama yote sita.
Dakika tano hapa, dakika nne pale:
huenda wako kule karibu na matete,
huenda Kaarlo anajua kitu asichosema.
Kwenye la saba miguu iligoma.
Nikakaa. Nikamimina kahawa.
Theluji ilikuwa na ule mwanga wa buluu
unaokuja kabla ya saa nane, mwezi wa Januari,
na kimya kilikuwa kizito kiasi kwamba nilisikia
barafu ikijinyoosha upande wa pili wa ziwa,
mngurumo mrefu, kama mtu anayegeuka kitandani.
Nilisahau kwamba ninavua.

Ndipo ufito ukainama.
Si sana. Kama mtu anayekubali jambo kwa shingo upande.
Sikupiga ukelele.
Nilihesabu moja, nikahesabu mbili, nikainua,
na fundo, lenye mate yangu, likashika.

Gramu mia mbili, nikiwa mkarimu.
Nilimkaanga kwa siagi na chumvi ya mawe,
nikamla kwa vidole, nimesimama jikoni.

Dada yangu Tellervo alipiga simu kutoka Turku.
Umepata wangapi?
Mmoja.
Kutwa nzima?
Kutwa nzima.
Akanyamaza kwa namna yake ya kunihurumia,
nikatafuta maneno ya kumweleza yale matundu sita,
ule mngurumo, kahawa iliyopoa mkononi,
nikaambulia kusema: kulikuwa na baridi.

Saa nne usiku nikakumbuka
keekee nimeiacha ziwani, imesimama wima kwenye theluji.
Nimeshaandika. Ukurasa wa kumi na tisa.
Asubuhi nitaifuata,
na kwa kuwa nitakuwa huko tayari,
na funza watakuwa mfuko wa ndani, kifuniko kimebana,
nimeshajaribu mara tatu