Akiba

Wasemao mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo
hawakuiona simu yetu ikitetemeka kimya
kando ya bakuli la maganda ya viazi,
ikijisogeza yenyewe, kidogo kidogo, hadi ukingoni mwa meza.
Kirsti aliidaka kwa mkono wenye wanga.
"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Ndiyo, afande."
Ndiyo ya nne haikutoa sauti.
Nikazima jiko. Viazi vilikuwa bado vigumu.

Siku kumi na nne.
Mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba;
tuliichora kama wafungwa,
kwa penseli, nyuma ya mlango wa stoo.
Wikiendi moja kwa mwezi, walituambia alipojiunga,
na wiki mbili za kiangazi.
Askari wa akiba. Neno tamu hilo, akiba:
kitu unachokiweka usikiguse.
Akiba haiozi, kweli. Ila sikuwahi kuuliza
kibubu ni cha nani
na nyundo anayo nani.

Hapa Marquette theluji ya Machi hufika madirishani.
Kirsti huendesha basi la shule, la njano, namba kumi na tisa;
anajua nani hutapika kwenye kona ya kiwanda cha mbao
na nani hupanda na njaa.
Sasa wanamtaka akasafishe maji jangwani,
mahali wasipotutajia jina.
Eero, miaka minne, aliuliza kama mchanga wa huko una paa,
kama ule wa chekechea, paka wasiuchafue.
Linnea, kumi na mmoja, hakuuliza kitu.
Alivipanga viatu vyote vya mama yake, kisigino kwa kisigino,
kisha akavipangua.

Usiku tulijaza fomu. Wasia. Bima.
Nani achukue watoto iwapo wote wawili.
Sentensi iliishia hapo, iwapo wote wawili,
tukaiacha ining'inie, tukaandika jina la dada yangu
ambaye samaki watatu wamemfia ndani ya mwaka.
Tulicheka. Nilicheka mpaka nikagundua
ninacheka peke yangu.

Na nilisema neno baya. Nitaliandika, lisije likanisahau:
"Ulisaini wewe. Sisi hatukusaini."

Hakujibu. Alitwaa kalamu ya wino mzito na utepe mweupe,
akaizunguka nyumba akibandika.
Fyuzi ya jikoni. Bomba hili huganda.
Dawa ya Eero: kijiko kimoja, SI viwili.
Alijifunga kibwebwe, kama wasemavyo,
ila kibwebwe chake kilikuwa mkanda wa kijani
wenye jina la ukoo wangu.

Alfajiri, kwenye maegesho ya ghala la jeshi,
mama yake alileta mikate ya nyama ndani ya taulo.
Tulikuwa tumekubaliana asigeuke.
Hakugeuka.
Nilimlaumu kwa hilo njia nzima ya kurudi.

Wiki ya tatu, nikitafuta soksi,
nikakuta utepe chini kabisa ya droo:
*Nilisaini kwa ajili ya paa.*
Nikakumbuka. Majira yale ya kuchipua, dari likivuja
juu ya kitanda cha Linnea, sufuria mbili, taulo,
na mimi sina kazi tangu mgodi upunguze watu.
Kisha fundi alikuja, na sikuuliza kalipwa na nini.
Nilikaa sakafuni na soksi moja mguuni.
Juu yangu theluji ilikuwa inalala, tani nzima,
na hakuna tone lililoshuka.

Siku hizi nasuka nywele. Mafungu matatu, la kushoto juu ya la kati.
"Unavuta," husema Linnea. Nalegeza. "Sasa itafumuka."
Saa moja na dakika kumi asubuhi basi husimama.
Dereva ni Bwana Thibodeau, mstaafu, mpole, miguu mirefu.
Jana jioni, kabla hajavua buti, Linnea aliniambia:
"Amekisukuma nyuma kiti cha mama."
Maji ya buti yakatanda kwenye zulia.
"Kililia tiki mara tano. Nimehesabu."